Herufi Ngeni Katika Katalogi: Kutoka Kimatengo Hadi Ritifaa ya Kiswahili



Mwaka 1909 mmisionari Mbenediktini Johannes Häfliger alichapisha msamiati wa Kimatengo na Kijerumani katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin. Mtafiti wa lugha za Mbinga hawezi kuupita. Hata hivyo, anayeutafuta leo katika katalogi ya vitabu pepe huenda akakutana na mwandishi aitwaye HÃ¤fliger, au Hèafliger, au H?fliger. Mtu ni mmoja, lakini magonjwa ni matatu, na tiba zake hazifanani.

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Katika UTF-8, msimbo uliobuniwa mwaka 1992, herufi ä huchukua baiti mbili. Programu inayodhani kuwa inasoma msimbo wa zamani wa Ulaya Magharibi, ambamo kila baiti ni herufi kamili, huonyesha Ã na ¤. Hapo hakuna kilichopotea. Programu ielezwe tu msimbo halisi wa faili. (Kosa likirudiwa wakati wa kuhifadhi, huonekana ÃƒÂ¤, na tiba nayo itabidi irudiwe.) Hèafliger ni kisa kingine. Katika MARC-8, msimbo wa maktaba uliotangulia Unicode, alama ya juu huandikwa kabla ya herufi inayoibeba. Baiti ya alama hiyo ikisomwa kimakosa huzaa è. Mkutubi atazame nafasi ya 09 mwanzoni mwa rekodi ya MARC 21: a humaanisha Unicode, nafasi tupu humaanisha MARC-8. Kisha alinganishe na baiti zenyewe, kwani nafasi hiyo huweza kusema uongo.

Ninayoiogopa ni H?fliger. Programu ilishindwa kuiandika ä, ikaweka alama ya kuuliza, na herufi yenyewe haimo tena katika faili. Hapo hapana budi kurudi kwenye rekodi ya awali au kwenye kitabu chenyewe.

Pengine mtasema kwamba hayo ni matatizo ya Wajerumani, kwa kuwa Kiswahili sanifu hakina herufi yenye alama juu. Ni kweli, lakini kina ritifaa. Programu nyingi za kuandikia huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, nayo hii huchukua baiti tatu katika UTF-8. Ikisomwa vibaya, ng'ombe anakuwa ngâ€™ombe. Anakuja fundi mwenye nia njema, anafuta kila alama asiyoijua, na anabaki ngombe. Kwa ng'oa hasara ni kubwa zaidi: inabaki ngoa, ambalo ni neno jingine kabisa, lenye maana ya tamaa au wivu.

Ng'ambo ya ziwa, ukitazama kutoka Mbamba Bay, mambo ni hayo hayo. Othografia ya Kichewa imetumia ŵ, na jina Malaŵi huharibika kuwa MalaÅµi; likishasafishwa na fundi wetu, linabaki Malai. Kimatengo nacho kina irabu saba, hivyo herufi tano za irabu hazitoshi kuzitofautisha bila alama au herufi za ziada. Anayezifuta hizo huunganisha irabu mbili ambazo wasemaji wanazitenganisha. Kwa maoni yangu, basi, kazi hii haifai kuachiwa fundi peke yake. Ni kazi ya othografia, nasi ndio tuliosomea othografia.

Lipo pia swali ambalo bado tunalikwepa: ritifaa ya ng' ni ipi? Unicode inazo U+0027 iliyonyooka, U+2019 iliyopinda, na U+02BC iliyokusudiwa kuwa herufi. Kwa kuwa ritifaa yetu ni sehemu ya herufi na si kituo, kinadharia ya tatu ndiyo inayofaa. Lakini kibodi zetu hutoa ya kwanza. Napendekeza katalogi ihifadhi moja tu, na utafutaji uzikubali zote tatu. Na kabla ya kupakia rekodi elfu, pakieni kwanza tatu, zenye Häfliger, Malaŵi na ng'ombe, kisha mzitafute.