Picha za Setilaiti na Upepo Usioonekana Ziwani

Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata za mwambao wa Ziwa Nyasa



Nimeombwa nieleze zile picha za mawingu tunazoziona katika taarifa ya habari na, siku hizi, katika simu zetu. Hutoka wapi, husema nini, na je, mvuvi anayejiandaa kuingia ziwani jioni azitegemee? Naanza na swali la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye uhai wa watu ndani yake. Picha peke yake haimtoshi mvuvi, na yaweza hata kumpoteza.

Picha nyingi za mawingu ya Afrika hupigwa na setilaiti za Meteosat, za shirika la nchi za Ulaya liitwalo EUMETSAT. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1977. Huwa juu ya ikweta, umbali upatao kilomita 36,000, zikienda sambamba na mzunguko wa dunia, hata zikaonekana kama taa iliyotundikwa darini. Ndiyo maana huweza kulitazama bara letu lote mchana na usiku, na kutuma picha mpya kila baada ya dakika 15 au pungufu. Mchana hutumia nuru ya jua. Usiku hupima joto linalotoka kwenye mawingu na ardhi. Wingu la radi lililopanda sana huwa na kilele chenye baridi kali, pengine nyuzi 60 chini ya sifuri, na kompyuta hulipaka rangi ili mtabiri alitambue upesi. Kwa hiyo lile doa jekundu linalosambazwa katika makundi ya WhatsApp, likiambatana na maneno ya kutisha, si moto wala si joto. Mara nyingi huonyesha sehemu ya wingu yenye baridi kupita zote.

Katika mvua za msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili, picha hizi hutusaidia sana. Mtabiri huliona wingu la radi likikua, na hujua linaelekea wapi. Matatizo huja mvua zikiisha. Kati ya Mei na Agosti huvuma ule upepo wa kusini-mashariki ambao wenzetu wa upande wa Malawi huuita mwera. Upepo huo waweza kuchafua ziwa ilhali anga ni jeupe kabisa. Setilaiti haipigi picha ya hewa yenyewe. Huona mawingu yanayosukumwa na hewa. Pasipo wingu, picha hutoka safi, na mtu aliyeitazama katika simu akasema “leo kweupe” huenda amesukuma mtumbwi wake kuyaendea mawimbi.

Zipo pia setilaiti zinazopima upepo juu ya bahari kwa kutuma mawimbi ya rada na kusoma jinsi uso wa maji ulivyokwaruzika. Baharini hufanya kazi nzuri. Ziwa letu lina urefu wa kilomita zipatazo 560, lakini upana wake hauzidi 80 hivi, na vipimo vya namna hiyo huharibika karibu na nchi kavu. Yale maji ya kilomita mbili tatu kutoka ufukweni, anakokesha mvuvi wa dagaa na taa zake, ndiyo yasiyopimika vizuri kutoka angani.

Kwa sababu hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, haitegemei picha tupu. Huziunganisha na vipimo vya vituo vya ardhini, kama kile cha Songea, na hesabu za kompyuta, kisha hutoa utabiri unaotaja kasi ya upepo na kimo cha mawimbi. Mkisikia upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hayo ni maji ya kuuzamisha mtumbwi wa kuchonga. Hapo hakuna haja ya kutafuta picha.

Sisemi haya kuwadharau wazee wanaolisoma ziwa kwa macho. Mgeni akiona kungu, wale wadudu wanaoinuka juu ya maji kwa mamilioni, hudhani ni moshi wa meli. Mzee wa Liuli hahangaiki hata kugeuza shingo. Ujuzi huo hakuna setilaiti inayoutoa.

Hata pale setilaiti inapoona vizuri kabisa, kazi huwa haijaisha. Kimbunga Freddy kilianza karibu na Australia mwezi Februari 2023, kikavuka Bahari ya Hindi yote kikitazamwa kutoka angani, na kikadumu siku 36. Hakikuwa siri kwa mtu yeyote mwenye ofisi. Hata hivyo mwezi Machi mvua zake ziliporomosha matope juu ya nyumba za Blantyre, kusini mwa Malawi, na waliokufa pamoja na waliopotea nchini humo walizidi 1,000. Mwaka uliofuata, Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, TMA ilitoa taarifa mfululizo na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Hidaya hakikuwa na ukubwa wa Freddy, na sipendi kulinganisha misiba. Ninachotaka mkione ni kwamba taarifa ilifika kwa mwenye boti kabla hajang'oa nanga.

Kwetu, mwenye boti ni mtu mmoja mwenye mtumbwi mmoja, na huenda simu yake haina chaji. Taarifa hufika wilayani, hushuka kwa mtendaji wa kata, kisha kijijini, na mara nyingi hulala hapo ukutani mwa ofisi, mbali na maji. Kwa maoni yangu kipande hicho cha mwisho, kutoka ofisi ya kijiji hadi mwaloni, ndicho kinachotugharimu zaidi kuliko upungufu wa setilaiti yoyote.

Ombi langu kwa viongozi wa vikundi vya BMU ni hili: kila mwalo uwe na ubao mmoja na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye kabla ya jua kuzama ataandika mambo mawili ya TMA, kasi ya upepo na kimo cha mawimbi, pamoja na rangi ya tahadhari kama ipo: njano, chungwa au nyekundu. Chaki inatosha. Watendaji wa kata waliopo hapa, naomba mniletee majina hayo kabla hatujatawanyika.

Sasa nipokee maswali, na kwa ruhusa yako Ndugu Mwenyekiti, tuanze na wavuvi, maana wao wana safari jioni hii.