Macho ya Vijana Wetu: Maelezo kwa Baraza la Kangari

Sitawaweka sana, wengine mna majani chai ya kupeleka kituoni.

Mtoto akibadilishiwa miwani kila mara na bado haoni ubao vizuri, huenda shida si miwani. Konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, inaweza kulegea, ikawa nyembamba na kuchongoka kama pia. Ugonjwa huu huitwa keratokonasi. Huanza sana katika ujana, na kusugua macho yanayowasha huuzidisha. Nasi tunamwita mtoto mvivu!

Ipo tiba ya kuikaza konea: hutiwa matone ya vitamini B2, kisha humulikwa kwa miali ya urujuanimno. Hairudishi macho ya zamani. Huzuia yasizidi kuharibika. Lakini kwa kawaida konea isiwe chini ya mikroni 400, kama nusu milimita kasoro kidogo, la sivyo miali inaweza kudhuru tabaka la ndani. Ndiyo maana nawahimiza mje mapema.

Aliyeambiwa konea yake ni nyembamba mno asirudi nyumbani kimya. Aulize kuhusu matone ya kuivimbisha kwa muda, au kupunguza muda wa miali kulingana na unene wake. Kupandikizwa konea kupo, ila zinazotolewa ni chache.

Anzeni kituo cha afya, muombe barua ya rufaa kwa hospitali ya macho, kama ile ya Kikuyu. Kwa sasa, mtoto akiwashwa, mkandeni kwa kitambaa cha maji baridi. Asisugue.