Matoleo Yasiyoafikiana: Hadhari kwa Makatibu Wanaoweka Hesabu katika Kompyuta

(Maneno yaliyosemwa Tumbe, Wilaya ya Micheweni, mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya wavuvi)



Samaki wanaponadiwa katika soko la Tumbe, hesabu huzaliwa papo hapo: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la mabaharia, na kile kinachoingia katika akiba ya chama. Zamani hesabu hizo ziliandikwa katika daftari la karatasi, nalo likafungiwa kabatini. Chama kinachoziweka katika kompyuta kimeihamisha amana ile ile katika kabati jingine, na yafaa katibu ajue kabati hilo lilivyojengwa kabla hajagusa bawaba zake.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hupatikana bila ya malipo, na kwa hivyo humfaa mwenye mfuko mdogo. Wala fikra hii si ngeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu huria za ofisi zinazosema Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice.

Moyo wa Linux huitwa kerneli. Ili kerneli isome diski iliyopangwa kwa namna fulani, huhitaji kipande cha programu kiitwacho moduli. Miongoni mwa namna za kupanga mafaili ipo ZFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na msimbo wake ukatolewa hadharani mwaka 2005. Sifa yake ni uaminifu. Kila fungu la maandishi hupewa alama ya hesabu, na kila linaposomwa alama hiyo hukaguliwa. Na diski zikiwa mbili zenye nakala sawa, kilichooza katika moja hurekebishwa kutoka katika ya pili. Mkaguzi wa hesabu hana budi kuupenda mpango wa namna hiyo.

Tatizo lake liko katika leseni. Leseni ya ZFS na ile ya kerneli huhesabiwa na wengi kuwa haziwezi kuchanganywa, na kwa hivyo ZFS imebaki nje ya kerneli ya Linux. Katika Debian, moduli yake hujengwa upya ndani ya kompyuta ya mwenyewe kila kerneli inapobadilishwa. Basi vipo vitu vitatu vinavyopaswa kwenda pamoja: kerneli, moduli, na zana ambazo katibu huzitumia kuiamrisha moduli. Anayemiliki boti ataelewa upesi, maana mashine, shafti na rafadha zisipolingana, ubora wa kimoja hauwafikishi watu popote.

Uchukuliwe mfano wa Debian 12, iliyotoka mwaka 2023. Ilikuja na kerneli 6.1 pamoja na ZFS 2.1.11, na ZFS hiyo iliandaliwa kwa kerneli zisizozidi 6.2. Katibu mwenye haraka akichukua kerneli 6.5 kutoka katika hifadhi ya nyongeza, ile iitwayo backports, na kuiacha ZFS ya zamani, moduli haitajengeka. Akiizima kompyuta na kuiwasha tena, kompyuta itawaka vizuri, lakini akiba za wanachama hazitaonekana. Hapo fadhaa humwingia mtu, na wapo ambao kwa fadhaa hiyo huzitengeneza diski upya, wakafuta kwa mikono yao kile ambacho hakikuwa kimepotea. Hesabu zingalipo. Dawa ni kuiwasha kompyuta kwa kerneli ya zamani, inayochaguliwa katika orodha ya mwanzo, kisha ama kubaki hapo, ama kuichukua ZFS mpya kutoka katika hifadhi ile ile ya nyongeza: moduli (zfs-dkms) na zana (zfsutils-linux) kwa amri moja. Anayeitaja moja peke yake huenda akabaki na nusu mpya na nusu kuukuu. Vifurushi vya linux-headers vya kerneli husika viwepo pia, kwa kuwa bila ya hivyo moduli haijengeki hata matoleo yakiafikiana.

Ugomvi wa pili ni wa vifurushi vyenyewe. Hadi toleo 0.7, ZFS ya Linux ilitegemea kifurushi kingine kiitwacho SPL. Katika toleo 0.8 la mwaka 2019, SPL iliingizwa ndani ya ZFS. Aliyekuwa na 0.7 akataka 0.8 aliweza kukuta kifurushi cha zamani kimesimama mlangoni, na programu ya kuweka vifurushi, yaani apt, ikikataa kuendelea au ikitaka kuondoa hiki na kile.

Kukataa huko kusichukuliwe kuwa uadui. Kwanza katibu aendeshe zoezi la majaribio kwa amri ya “apt -s”, ambayo husema itakachofanya bila ya kukifanya. Asome orodha ya vitakavyoondolewa. Kuondoka kwa SPL ya zamani hakuna madhara. Lakini zfsutils-linux ikiwemo katika orodha hiyo, jibu ni hapana. Kulazimisha kwa “--force” ni kuvunja kufuli kwa sababu ufunguo haukuingia.

Umeme nao una yake. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, vifurushi hubaki nusu nusu. Amri ya “dpkg --configure -a” huendeleza kazi iliyokatika. Hata hivyo, kabla ya kuanza iwepo nakala ya hesabu katika diski ya nje, na nakala hiyo iwe imefunguliwa na kusomwa, si kuaminiwa tu.

Lililo zito kuliko yote huja baada ya kazi kufanikiwa. Katibu akiandika “zpool status”, huenda kompyuta ikamwambia kwamba zipo sifa mpya ambazo diski zake hazijazitumia, na kumtajia amri ya “zpool upgrade”. Maneno hayo hayaonyeshi kosa wala si agizo. Kifurushi kinaweza kurudishwa toleo la nyuma, na kerneli ya zamani ikachaguliwa tena; lakini diski zikishapandishwa kwa amri hiyo hazishuki, na ZFS ya zamani huenda ikakataa kuzifungua. Amri hiyo ingoje mpaka toleo jipya limefanya kazi kwa wiki kadhaa, na kamati imeridhia.

Kwa wavuvi wa dagaa wanaotumia taa, siku za mbalamwezi ndizo zinazofaa kwa kazi hii, kwa sababu mnada huwa mwepesi. Jioni ya kuamkia kazi, katibu aandike katika daftari la karatasi namba za matoleo anazopewa na “uname -r” na “zfs version”. Na baada ya vifurushi kuingia, asiizime kompyuta mpaka “dkms status” imemwonyesha kwamba moduli imewekwa kwa ile kerneli mpya.