Somo la Leo: Viungo vya Shafti

Leo tutajifunza habari za viungo vya chuma.

Nachingwea inalijua trekta tangu zamani, tangu ule mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, lakini kazi ya trekta inaendelea.

Tazameni trekta linaloendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Nyuma yake mtaona shafti inayopeleka nguvu kwenye mashine. Kila mwisho wa shafti una kiungo cha msalaba. Kiungo hiki hukunjika huku kinazunguka.

Lakini kina kasoro. Tuseme trekta linazungusha mara 540 kwa dakika, na kiungo kimoja kimekunjwa digrii 30. Upande wa pili hauendi sawasawa. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupungua mara mbili, kati ya mwendo wa 468 na wa 624. Mashine hutetemeka, na chuma huchoka.

Ndiyo sababu shafti ina viungo viwili. Kosa la kwanza hufutwa na la pili, ikiwa vyote vimekunjwa sawa, na vishikio viwili vya shafti ya katikati vimeelekea upande mmoja. Basi fundi, kabla hujachomoa shafti, tia alama ya rangi, upate kuirudisha kama ilivyokuwa.

Katika miaka ya 1920, mhandisi Alfred Rzeppa wa Marekani alibuni kiungo cha gololi. Gololi hukaa daima katikati ya pembe ya mkunjo, hivyo pande zote mbili huzunguka kwa mwendo mmoja. Magari mengi madogo yana kiungo hicho kwenye magurudumu ya mbele. Hata ndege V-22 ya Marekani ina viungo vya mwendo mmoja, vya namna nyingine, katika vichwa vya mapangaboi yake. Maana pangaboi huinama, na mtetemeko angani ni hatari.

Sasa shikeni neno hili. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Ncha ya kanga ikinaswa, hutawahi kuivuta. Shafti isiyo na kifuniko isiwashwe. Mtu asiiruke. Zimeni injini kwanza.

Maswali:
1. Kwa nini shafti ina viungo viwili?
2. Fundi atie alama lini?
3. Nani darasani ameona shafti isiyo na kifuniko, na atamwambia nini mwenyewe?

Kwaherini.