Mali Inayohisi: Punda, Mwenye Punda na Mipaka ya Umiliki



Nimekuja kuzungumza juu ya punda. Nimemchagua kwa sababu katika nchi zetu ni vigumu kumpata mnyama anayefanya kazi nyingi kama yeye na kuheshimiwa kidogo kama yeye. Hubeba maji, kuni, magunia ya mahindi, mchanga, saruji na hata wagonjwa. Katika mji mkongwe wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba mno kwa gari kupita, mawe na chokaa za kujengea hufika kwa mgongo wake. Methali moja inamtaka afe ilimradi mzigo wa bwana ufike. Nyingine inamtuhumu kwamba fadhila zake ni mateke. Katika methali hizo mbili hakuna anayeuliza punda mwenyewe amepata nini.

Hoja nitakayoitetea jioni hii ni hii: mnyama anayehisi anaweza kuwa na mwenyewe, lakini hawezi kuwa kitu tu. Kummiliki ni dhamana yenye mipaka, na mipaka hiyo huwekwa na maumivu, hofu na raha ya mnyama huyo. Bei yake sokoni haina uwezo wa kuiondoa.

Ngozi ilipopanda bei

Tuanze na yaliyotokea karibuni. Huko China hutengenezwa dawa ya asili iitwayo ejiao, ambayo msingi wake ni ngozi ya punda iliyochemshwa hadi ikatoa uji mzito unaoganda. Watu huitumia kuongeza damu na nguvu. Kipato cha wananchi wa China kilipokua, mahitaji ya dawa hiyo yakakua nacho, na punda wa huko, waliokuwa takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakapungua hadi chini ya milioni 3. Ndipo wanunuzi wakaigeukia Afrika.

Kuanzia mwaka 2016 Kenya ilitoa leseni kwa machinjio ya punda, na yakafika manne. Mwaka 2019 Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, lilieleza kwamba kati ya mwaka 2016 na 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000, na kwamba kasi hiyo ikiendelea, punda wangekwisha nchini humo katika muda wa miaka michache. Haikuwa hofu ya bure. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, hivyo kundi likishavunwa kwa fujo halirudi upesi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ile ya mwaka 2019 ilikuta karibu milioni 1.2.

Wizi ukafuata. Familia ziliamka zikakuta punda wao wamechunwa ngozi vichakani, nyama imeachwa kwa fisi na mbwa. Mama aliyekuwa akipeleka madumu ya maji kwa punda akarudi kuyabeba kichwani. Punda wengine walinunuliwa minadani, wakaswagwa mwendo wa siku nyingi au kushindiliwa kwenye malori bila maji, na waliofika machinjioni walifika wakiwa hoi.

Februari 2020 serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara hiyo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikalitengua katazo. Hapa Tanzania nako machinjio yalikuwepo Dodoma na Shinyanga kabla serikali haijayazuia. Desemba 2022 wataalamu na viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kumjadili punda peke yake, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, katika kikao chao cha Addis Ababa, wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Uamuzi huo ni wa kupongezwa kwa dhati.

Hata hivyo, hoja iliyosikika kwa sauti kubwa kuliko zote ilikuwa hoja ya mali. Tulisema punda ni nyenzo ya mnyonge, ni usafiri wa mkulima, ni ada ya shule ya mtoto. Yote hayo ni kweli. Lakini hoja ya mali ina udhaifu mmoja mkubwa: ikikutana na mnunuzi mwenye fedha nyingi zaidi, inageuka na kusimama upande wake. Aliyempeleka punda wake machinjioni kwa hiari alikuwa akitumia haki ya mmiliki. Mwenye kiwanda naye ana leseni yake, mtaji wake na wafanyakazi wake. Katika mabishano ya wenye mali wawili, punda hana pa kusimama. Siku thamani ya ngozi yake inapozidi thamani ya mgongo wake, ulinzi wake umekwisha.

Anachohisi punda

Kwa hiyo ni lazima tumjue vizuri zaidi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 umeonyesha kwamba punda wa dunia nzima wametokana na punda mwitu wa Afrika, waliofugwa mara ya kwanza barani humu yapata miaka 7,000 iliyopita. Asili yao ni nchi kame, yenye malisho haba na wanyama wakali. Katika nchi ya namna hiyo, mnyama anayechechemea waziwazi ndiye anayechaguliwa na simba. Punda amerithi tabia ya kuficha maumivu. Anapofikia hatua ya kulala chini na kukataa majani, mara nyingi ugonjwa umeshamla ndani kwa muda mrefu. Sisi tukaitazama stahamala hiyo tukahitimisha kwamba haumii.

Tunachokiita ukaidi nacho kina maelezo. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, akatega masikio na kulipima lililo mbele yake kabla ya kuinua kwato. Anayempiga ili aende humwongezea hofu, na hofu humfanya asimame zaidi. Wasomaji wa Biblia wanakikumbuka kisa cha Balaamu katika kitabu cha Hesabu. Punda wake aliona hatari iliyokuwa njiani, ambayo bwana wake hakuiona. Akakwepa, akajibana ukutani, akalala chini, na mara zote tatu akapigwa. Alipofunguliwa kinywa aliuliza amekosa nini. Kisa hicho kinatufundisha kwamba mnyama anaweza kuwa na sababu ambayo mwenye fimbo haioni.

Punda pia hushikamana. Wawili waliozoeana hula pamoja na kusimama pamoja kivulini, na wakitenganishwa hulia na kutafutana. Mmoja akifa, aliyebaki anaweza kususa kula. Punda akisusa kula kwa siku chache tu, mafuta ya mwilini huanza kufurika kwenye damu, ini hulemewa, naye anaweza kufa. Ndiyo maana madaktari wa mifugo wanaowajua punda hushauri kwamba aliyebaki aachwe na mzoga wa mwenzake kwa muda, aunuse, mpaka aondoke mwenyewe. Mkokoteni hauhitaji muda wa kuomboleza. Kiumbe kinachouhitaji kina maisha yake ya ndani.

Sayansi ya ubongo inakubaliana na hilo. Julai 2012 kundi la wanasayansi waliokutana Cambridge, Uingereza, walitangaza kwamba mamalia, ndege na baadhi ya viumbe wengine wana mifumo ya neva inayowezesha ufahamu, kama binadamu. Tangu hapo wataalamu wametengeneza vipimo vya kusoma maumivu katika uso wa farasi na wa punda: namna masikio yanavyokaa, jicho linavyobanwa, pua na taya zinavyokaza. Maumivu ambayo mwendesha mkokoteni hakuyasikia yalikuwa yameandikwa usoni muda wote.

Mwenye mnyama anaulizwa

Je, mawazo haya ni mageni kwetu? Hapana. Karne ya 10, mjini Basra, wanazuoni waliojulikana kama Ikhwan al-Safa waliandika kisa cha wanyama waliowashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Wanadamu walidai kwamba wao ni mabwana na wanyama ni watumwa wao. Wanyama wakaitaka baraza iambiwe ushahidi ni upi, kwani nguvu ya kumfunga mtu kamba haithibitishi haki ya kumfunga.

Katika hadithi za Mtume (S.A.W.) kuna ile ya ngamia aliyetokwa na machozi alipomwona. Mtume alimtuliza, kisha akamwita mwenye ngamia, kijana wa Kiansari, akamtaka amche Mungu kuhusu mnyama aliyemilikishwa, kwa sababu ngamia amelalamika kwamba anashindishwa njaa na kuchoshwa kwa kazi. Tuipime hadithi hiyo kwa makini. Umiliki wa kijana yule haukukanushwa. Ngamia alibaki kuwa wake. Lakini malalamiko ya mnyama yalipokelewa kama malalamiko halali, na mmiliki akatakiwa kuyajibu. Hiyo ndiyo maana ya dhamana. Imepokewa pia kwamba alimlaani aliyempiga punda chapa ya moto usoni. Nayo Torati ilikataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, asije akaifanya kazi ya chakula huku akinyimwa chakula.

Sheria yetu nayo imefika hapo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inawataka wanaoitekeleza wazingatie kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Nchi za Ulaya ziliingiza wazo hilo katika mkataba wao wa Lisbon ulioanza kutumika mwaka 2009. Uingereza ilitunga sheria yake mahususi mwaka 2022. Hatuna sababu ya kusema kwamba huruma kwa wanyama ni anasa iliyoletwa na wageni. Tulikwisha kuiandika wenyewe. Kilichobaki ni kuifuata.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni umaskini. Mwendesha mkokoteni analipwa kwa safari; akimpumzisha punda mchana, watoto wake watalala njaa. Nalipokea pingamizi hili kwa uzito wake wote, na jibu langu ni kwamba lawama haiwezi kumwangukia mtu huyo peke yake. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi anayepanga bei ya safari moja chini kiasi kwamba lazima mzigo uwe wa safari mbili ameshika fimbo naye. Halmashauri inayotoza ushuru wa mkokoteni bila kuweka hori la maji sokoni imeshika fimbo nayo. Wajibu kwa kiumbe anayehisi unafuata mnyororo wote wa watu wanaonufaika na jasho lake, na wenye uwezo mkubwa wana sehemu kubwa.

Pingamizi la pili huulizwa na wanafunzi kila mwaka: sisi tunaokula nyama ya ng'ombe na mbuzi tuna haki gani ya kumtetea punda? Wapo wanaojibu kwa kuacha nyama, nami nawaheshimu. Lakini hata anayechinja ana mipaka. Mafundisho ya kuchinja yanamtaka anoe kisu, asikinoe mbele ya mnyama, wala asimchinje mmoja mwenzake akitazama. Maagizo hayo yasingekuwa na maana kama mbuzi angekuwa gunia. Kifo cha mnyama hakimfutii haki aliyokuwa nayo alipokuwa hai, na hoja ninayoitoa kwa punda inamfikia pia ng'ombe aliyesimama kwenye lori kutoka mnadani na kuku aliyening'inizwa miguu juu kwenye usukani wa baiskeli.

Yanayotupasa

Heshima isiyobadilisha chochote kwenye mwili wa mnyama ni maneno matupu, kwa hiyo niyataje mambo machache yanayowezekana.

La kwanza ni zana. Ng'ombe huvuta kwa nundu, na nira imetengenezwa ikae mbele ya nundu hiyo. Punda hana nundu. Akivalishwa nira ya ng'ombe, mti hukaa juu ya mifupa ya shingo na kuikwangua mpaka kidonda kifunguke, na kesho yake mti uleule unarudishwa juu ya kidonda kilekile. Punda huvuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana na laini wa kifuani, na tandiko lenye mito pande mbili linaloacha uti wa mgongo bila kuguswa. Mkanda huo hushonwa na fundi yeyote wa mtaani kwa turubai na magunia. Akiuvaa, havuti kwa maumivu, na mzigo wa mwenyewe unafika vilevile.

La pili ni mafunzo. Daktari wa mifugo anasomea ng'ombe, kuku na mbwa kwa vipindi vingi, na punda kwa vichache. Naiomba ndaki yetu hapa chuoni impe punda nafasi inayolingana na kazi anayolifanyia taifa. Lamu, ambako kituo cha kuwatibu punda kimekuwepo tangu mwaka 1987, wamiliki wamezoea kuwaleta wanyama wao bila kulazimishwa, kwa sababu wamejionea faida.

La tatu ni sheria ndogo za halmashauri: kikomo cha mzigo, maji na kivuli sokoni, marufuku ya kumfungia kazini punda mwenye kidonda au mwenye mimba kubwa. Masharti haya yaende sambamba na ruzuku ya matandiko na tiba, ili maskini asitozwe faini ya umaskini wake.

La nne ni kulisimamia azimio la Addis Ababa kwa sababu sahihi. Bei ya ngozi itapanda tena. Kutakuja mwekezaji mwenye ahadi ya ajira, na atatuonyesha hesabu inayothibitisha kwamba punda aliyekufa ana faida kuliko aliye hai. Ikiwa tulimlinda kwa sababu ya faida tu, hatutakuwa na la kumjibu. Ikiwa tumekubali kwamba punda anaumia, anaogopa na anamlilia mwenzake, tutamjibu kwamba yapo mambo ambayo mwenye mnyama hana mamlaka ya kuyauza, na mateso ya mnyama huyo ni mojawapo.