Kusema Kweli Yote, na Kungojea Nguvu Zirudi

Hubiri la asubuhi. Somo: Marko 5:21-43

Mwenye Biblia afungue Marko sura ya 5. Asiye nayo asikilize tu, tutamweleza.

Katika sura hiyo kuna wagonjwa wawili. Wa kwanza ni mama aliyetokwa na damu miaka 12. Alizunguka kwa wanganga wengi, akamaliza mali yake yote, na badala ya kupata nafuu akazidi kuumia. Wa pili ni binti wa Yairo, mtoto wa miaka 12. Mara nyingi tunahubiri juu ya miujiza hiyo miwili. Leo tutazame mambo mawili madogo yaliyofuata. Yule mama, ingawa alikuwa amekwisha kupona, alikuja akitetemeka mbele ya watu wote, akamwambia Yesu kweli yote. Na yule binti alipoinuka, Yesu aliwaagiza wazazi wampe chakula. Tushike hayo mawili: kusema kweli yote, na kumlisha anayerudi.

Neno hili tunalileta sisi wawili, mume na mke, kwa sababu limepita katika nyumba yetu hapa Bukavu. Tutasema "Baba" na "Mama", kama watoto wetu wanavyotuita, ili mtufuate vizuri.

Asubuhi moja Baba aliamka mdomo umepinda, na mkono wa kuume hauna nguvu. Ilikuwa kiharusi, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita AVC. Kwa neema ya Mungu kilikuwa kidogo, na tulifika hospitalini mapema. Alirudi nyumbani na dawa tatu: ya tansio, ya kuzuia damu isigande, na ya kushusha kolesteroli. Hiyo ya tatu inaitwa simvastatini. Miezi miwili ikapita vizuri.

Mwezi wa tatu Baba akapata kikohozi. Akafanya kama tunavyofanya wengi: akapita kwenye farmasi ya njiani, akanunua antibiotiki inayoitwa eritromisini, bila karatasi ya munganga. Siku chache baadaye mapaja yote mawili yakaanza kuuma, kisha mabega. Kupanda kutoka soko la Kadutu kukawa mateso. Siku ya Mungu, watu waliposimama kuimba, yeye alibaki ameketi, akijifanya anatafuta ukurasa katika kitabu.

Akashuku zile dawa. Akaiacha simvastatini, wala hakumwambia mtu. Hata Mama hakuambiwa.

Alifikiri akiacha leo, kesho atakuwa mzima. Haikuwa hivyo. Juma la kwanza likapita, la pili likapita, miguu bado ni mizito kama mtu aliyebeba bido mbili za maji. Hapo mawazo mabaya yakaingia. Jirani mmoja akasema ni karuho, ametiliwa sumu, atafutwe mtu wa kumtapisha. Ndugu mwingine, aliyesikia kidogo kwamba Baba ameacha dawa, akaja kwa furaha akamwomba atoe ushuhuda kanisani kwamba imani imeshinda vidonge. Wapendwa, Baba alikaribia kukubali. Ni rahisi kuitwa mtu wa imani kuliko kukiri kwamba umefanya jambo kwa siri na sasa unaogopa.

Mama ndiye aliyefunua. Alikuwa anafagia, akakuta pakiti ya dawa, akahesabu vidonge. Vilikuwa vingi kuliko inavyopasa. Hakupiga kelele. Aliketi karibu na Baba, akaweka pakiti juu ya meza, akasema, "Baba Jean, mimi ndiye nilikushika mkono siku ile mdomo umepinda. Niambie." Ndipo Baba akasema kweli yote. Usiku ule nyumba yetu ilianza kupona, ingawa miguu ilikuwa bado inauma.

Kesho yake tulikwenda kwa munganga pamoja. Tulitazamia kukaripiwa. Yeye akasema, "Ulifanya vizuri kuona kwamba kuna kitu. Ulifanya vibaya kunyamaza." Akauliza mambo mengi. Umekunywa dawa gani nyingine? Hata za kikohozi? Hata za miti shamba? Mkojo wako una rangi gani? Baba alipotaja eritromisini, munganga akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba dawa hizo mbili hazipaswi kukutana mwilini. Eritromisini inazuia ini lisivunje simvastatini, na simvastatini inajaa katika damu kupita kiasi, inaumiza misuli. Wala haikuwa karuho, wala pepo.

Alipima damu kuona kama misuli imevunjika na kama figo ziko salama. Misuli ilikuwa imeumia, lakini figo zilikuwa nzima. Tukamshukuru Mungu, maana munganga alituambia kinachoweza kutokea kwa watu wachache: misuli inavunjika sana, mkojo unakuwa mweusi kama chai kali au Coca-Cola, na figo zinaziba. Msikilizaji, ukimeza dawa hizi na ukaona mkojo wa namna hiyo, au ukashindwa kuinuka, usingojee siku ya maombi ya wagonjwa. Nenda hospitalini siku ile ile, na ndugu waombe wakiwa njiani pamoja nawe.

Sasa tufike kwenye kungojea. Munganga alisema kwamba, kwa wengi, maumivu yanapungua polepole baada ya kuacha dawa, katika majuma au miezi michache. Dawa inatoka mwilini haraka, lakini msuli ulioumia unahitaji siku zake. Tulishangaa. Tulidhani kuacha ndiko kupona. Tukakumbuka binti wa Yairo. Alikuwa amefufuka kweli, lakini tumbo lake lilikuwa tupu, na Bwana hakudharau jambo hilo. Aliyemfufua kwa neno angeweza kumshibisha kwa neno. Akawaachia wazazi kazi ya chakula.

Basi tulifanya kazi hiyo. Baba alikunywa maji vizuri, hakubeba mizigo, alitembea kidogo kidogo uwanjani. Watoto walichukua kazi ya makala na maji. Mama alipika maharagi, sombe na sambaza, akapunguza mawese. Mafuta ya mawese hayana kolesteroli ndani yake, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha kolesteroli katika damu. Hatukuyatupa, tuliyapunguza. Wazee wa kanisa walikuja kuombea, na mmoja wao alikuja kila juma kutembea na Baba mpaka kwenye kona na kurudi. Juma la nne Baba alisimama wakati wa wimbo wa kwanza, akaketi kwa wa pili. Juma la saba alipanda kutoka Kadutu, akipumzika mara mbili. Hakuna aliyepiga vigelegele, lakini Mama alilia.

Hata hivyo kuna watu wachache ambao udhaifu hauishi hata wakiacha dawa, kwa sababu mwili wao wenyewe umeanza kushambulia misuli. Hao wanahitaji matibabu mengine. Kwa hiyo ukiona majuma yanapita na nguvu zinazidi kupungua, rudi kwa munganga. Kungojea kwa imani si kujificha nyumbani.

Tena, si kila maumivu yanatoka kwenye kidonge. Mwaka 2020 wanganga wa London walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya watu 60 walioacha dawa hizi kwa sababu ya madhara. Miezi mingine walipewa dawa ya kweli, miezi mingine kidonge kisicho na dawa, miezi mingine hawakupewa kitu, nao hawakujua kidonge kipi ni kipi. Madhara ya kidonge kitupu yalifikia karibu sehemu tisa kati ya kumi za madhara ya dawa ya kweli. Hawakuwa waongo, waliumia kweli. Lakini hofu nayo inaweza kuuma mwilini. Nusu yao, walipoonyeshwa hayo, waliweza kurudia dawa. Kwa Baba kosa lilikuwa dawa mbili kukutana, kwa mwingine linaweza kuwa jambo jingine kabisa. Ndiyo maana tunasema usijihukumu peke yako, na usimhukumu jirani.

Nguvu ziliporudi, tulifikiri safari imekwisha. Munganga akapima kolesteroli, ikawa imepanda tena. Akasema dawa hii si kama dawa ya malaria, unayomeza siku chache na ugonjwa ukaisha. Inalizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi siku unazoimeza tu. Ukiacha, katika majuma machache kolesteroli inarudi ilikokuwa, nawe husikii kitu chochote. Kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo, kimya hicho ni hatari. Tukakaa tukaongea, sisi watatu. Akachagua dawa nyingine ya jamii ile ile, isiyogombana na antibiotiki kama ile ya kwanza, kwa kipimo kidogo. Akasema ikishindikana, kuna dawa za jamii nyingine. Baba aliogopa kumeza kidonge cha kwanza. Mama alishika kikombe cha maji, tukaomba, akameza. Leo anaendelea nayo, na miguu inamchukua.

Tunapenda kuwaambia pia kwamba dawa za jamii hii zilianzia kwenye ukungu, kama ule unaoota juu ya chakula kilichokaa. Mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, ndiye aliyegundua ya kwanza mwaka 1973, baada ya kupima aina elfu kadhaa za ukungu. Aliyeumba ukungu ndiye aliyempa mtu akili ya kuuchunguza. Isaya alipomhudumia mfalme Hezekia, aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu, baada ya Mungu kuahidi kumponya. Ahadi ilikuwapo, na tini zikawekwa.

Basi, wapendwa, tunawaachia maneno haya. Wewe unayemeza dawa na inakutesa, usiiache kwa siri, wala usiivumilie kwa siri. Sema kweli yote kwa munganga, pamoja na ile dawa ya kikohozi uliyonunua njiani. Wewe uliyekwisha kuiacha na bado unaumia, usikate tamaa kwa sababu ya juma moja au mawili, lakini leo tafuta mtu umwambie. Mama mwenye nyumba, ukihesabu vidonge ukakuta vimezidi, keti kwanza kabla ya kusema. Na sisi kanisa, tusimsukume mgonjwa kutoa ushuhuda wa kutupa dawa. Tumpelekee chakula, tutembee naye mpaka kwenye kona.

Yule mama wa Marko aliogopa kwamba kweli yake itamletea aibu. Yesu akamwita binti, akamruhusu aende kwa amani. Hakuna mgonjwa msemakweli ambaye Bwana alimfukuza.

Tuombe. Baba yetu, tunakuletea wote ambao miguu yao haiwachukui asubuhi hii. Wape ujasiri wa kusema, wanganga wenye subira, na jamaa wa kuwalisha. Utufundishe kungojea pamoja nao. Katika jina la Yesu. Amina.

Mbaki salama. Tukutane tena siku ya Mungu ijayo, saa ile ile.