Matembezi ya Pwani: Mgeni Apate Njia, Mwenyeji Apate Haki

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya kamati za maendeleo za parokia na wafadhili katika mkutano wa robo mwaka)



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia ombi lililoletwa na kamati mbili. Moja ni ya upande wa Kunduchi, Kinondoni. Nyingine ni ya upande wa Kigamboni, eneo lililokuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea. Kamati hizi zinaomba kusaidiwa kuanzisha matembezi ya kuongozwa kando ya bahari. Wageni wa parokia rafiki za Ulaya, pamoja na wakazi wa jiji wanaotaka kupumzika, watembee kwa miguu asubuhi moja au mbili, wakiongozwa na vijana wa hapo hapo, na kile wanacholipa kibaki hapo hapo.

Tunajua kwamba baadhi yenu mliposoma ombi hili mlitikisa kichwa. Mlisema: tuna ada za watoto, tuna visima, tuna zahanati zisizo na dawa, leo tuzungumzie watu wanaotembea ufukweni? Hoja hiyo ni ya haki na inastahili kujibiwa. Kwa hiyo tutaeleza wenzetu wanafanya nini, sisi tuna nini, na tunaomba mkubaliane juu ya nini.

Wenzetu wanavyofanya

Wageni wetu wengi wanaijua pwani ya Mediterania. Kaskazini mwa Italia kuna vijiji vitano vinavyoitwa Cinque Terre, vilivyojengwa juu ya miamba na kuunganishwa na vijia vya miguu ambavyo wakulima wa zabibu walivitumia. Eneo hilo liliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 1999 likawa hifadhi ya taifa. Anayetaka kutembea katika njia kuu ya pwani hununua kadi, na mapato hayo husaidia kuitunza njia. Hata hivyo, sehemu moja maarufu, isiyofika kilomita moja, ilifungwa baada ya mawe kuporomoka na kujeruhi watalii mwezi Septemba 2012. Haikufunguliwa tena mpaka mwaka 2024. Tunaona hapo kwamba njia ya miguu ni mali inayohitaji mwangalizi, fedha na subira.

Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka 1976 inamtaka mwenye kiwanja kinachopakana na bahari aache ukanda wa mita tatu kwa ajili ya mtembea kwa miguu. Tajiri na maskini wanapita mlemle.

Sisi nasi tuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Lakini anayetembea pwani ya jiji letu ataona kuta zilizoshuka mpaka mchangani, na vichochoro ambavyo wavuvi walivitumia kushukia pwani vimezibwa kwa mageti. Mwenye macho haambiwi tazama. Njia isiyotembewa na watu husahaulika, na iliyosahaulika ni rahisi kujengewa. Kwetu sisi hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuliunga mkono ombi hili: miguu ya watu ni ushahidi kwamba njia ipo.

Sisi tuna nini

Tuanze na Kunduchi, zaidi ya kilomita 20 kaskazini mwa katikati ya jiji. Hapo kuna mnada wa samaki, kuna ngalawa zinazorudi alfajiri, kuna kina mama wanaokaanga samaki na kuwapeleka mitaani. Nyuma yake, chini ya mibuyu, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, mengine ya karne ya 18, yaliyopambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China. Kule baharini vinaonekana visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ambavyo vimo katika maeneo tengefu ya bahari. Ukielekea kaskazini unapita Ununio na Mbweni, penye mikoko, hadi mto Mpiji ambako mkoa wa Dar es Salaam unapakana na Pwani.

Kunduchi hapohapo mgeni ataona pia jambo la kusikitisha. Ufukwe umekuwa ukiliwa na bahari tangu miaka ya 1970, na majengo yamepotea. Miongoni mwa sababu ni mchanga unaochimbwa katika mito kama Tegeta na Mbezi, maana mchanga huo ndio uliotakiwa kushuka baharini na kuujaza ufukwe. Tofali la nyumba ya mtu wa bondeni limeondoa ardhi chini ya mtu wa pwani. Kijana anayeweza kumweleza mgeni jambo hili huku wamesimama juu ya ukingo ulioporomoka anafundisha kuliko semina yetu ya siku tatu.

Upande wa kusini, ng'ambo ya kivuko, kuna Mjimwema, Gezaulole, Mbwamaji na kuendelea hadi Kimbiji. Mbwamaji ulikuwa mji wa Waswahili kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone", ni miongoni mwa vijiji vya wakati wa Ujamaa. Mwaka 1996 mpango wa utalii wa kitamaduni ulipoanzishwa nchini kwa ushirikiano wa Bodi ya Utalii na shirika la SNV la Uholanzi, vijiji vingi viliingia, na Gezaulole ikawa mojawapo. Kwa hiyo jambo hili si geni. Wazee waliowahi kupokea wageni wapo, na inafaa tuwaulize kwanza.

Mwongozaji ni nani

Wengine wanadhani mwongozaji ni kijana anayejua Kiingereza. Kiingereza kinasaidia, lakini kazi yenyewe inaanza kwenye maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita tatu. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Mchanga unakuwa mpana na mgumu, kina mama wanatoka kuchokoa pweza na kuokota kome, na mgeni anaweza kutembea bila shida. Wiki moja baadaye, saa hiyohiyo maji yamejaa, na ufukwe wenyewe ni mwembamba. Anayepanga matembezi kwa kufuata kalenda ya ofisi peke yake atawafikisha wageni penye ukuta upande mmoja na mawimbi upande mwingine.

Kwa hiyo mtoto wa mvuvi ana elimu tayari. Tunachoongeza ni huduma ya kwanza, historia iliyo sahihi, na lugha. Tena Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka mwongozaji awe na leseni. Tusiwaache vijana wafanye kazi kwa kujificha. Tuwasaidie gharama za mafunzo na leseni, nao wasimame barabarani kifua mbele.

Hapa tunaomba mkumbuke historia. Mwaka 1873 David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake wakiongozwa na Chuma na Susi waliubeba mwili kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipofika pwani walilipwa ujira wao wakaachwa. Mmoja tu, Jacob Wainwright, alisafiri na mwili hadi Uingereza na kuhudhuria mazishi. Wapagazi wengine maelfu waliotembea njia ile na pembe za ndovu mabegani, na watumwa waliotembezwa kwa minyororo, hata majina yao hatuna. Katika pwani hii kutembea hakukuwa mapumziko. Kulikuwa mzigo. Tukianzisha matembezi ya mapumziko leo, jambo la chini kabisa ni kwamba anayeongoza njia ajulikane kwa jina lake na alipwe stahili yake.

Fedha ziende wapi

Tuchukue mfano, ili kila kamati ipige hesabu yake. Kundi la wageni 10, kila mmoja akilipa shilingi 40,000, linaleta shilingi 400,000. Waongozaji wawili wapate 50,000 kila mmoja. Mama lishe wa kijijini wapate 100,000 kwa chakula cha mchana. Mwenye mtumbwi wa kuvushia kwenye mlango wa mto apate 40,000. Mratibu apate 40,000, na 40,000 iwekwe akiba ya vifaa na huduma ya kwanza. Zinabaki 80,000, ambazo ziende kwenye mfuko wa mtaa. Viingilio vya magofu vilipwe mbali, kwa mamlaka husika, na risiti zitolewe.

Sasa tunafika mahali ambapo huenda tusipendwe na kila mtu. Katika ombi la awali, fedha za mfuko zilipangwa kwenda kwenye ujenzi wa ukumbi wa parokia. Sisi tunapendekeza zisiende huko. Vijiji hivi vya pwani wakazi wake wa asili wengi ni Waislamu. Msikiti ule wa kale ni wao, makaburi yale ni ya wazee wao, ngalawa ni zao. Tukiwapitisha wageni mbele ya makaburi ya babu zao, halafu fedha zikajenga ukumbi wetu, tutakuwa tumevuna shamba la jirani. Mfuko uwe wa mtaa mzima, usimamiwe na kamati yenye wajumbe wa parokia, wa msikiti, wa wavuvi na wa kina mama, na hesabu zisomwe katika mkutano wa hadhara kila baada ya miezi mitatu. Parokia itapata kitu kikubwa kuliko ukumbi: jirani atakayeiamini.

Adabu za safari

Kwa wageni wetu tuna maombi machache. Kundi lisizidi watu 10. Anayeingia kijijini avae nguo za heshima. Nguo za kuogelea zibaki majini. Mgeni asimpige mtu picha bila kumwomba. Asigawe fedha wala peremende kwa watoto, maana mtoto akizoea kupewa njiani ataacha darasa akamsubiri mzungu. Kama ana kitu cha kutoa, akitoe kwenye mfuko. Asinunue makombe wala matumbawe, na asikate hata kijiti cha mkoko. Bei ya samaki aulize, anunue, ashukuru.

Kwa wenyeji nasi tuna neno. Mgeni si benki. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Wapo waliotuambia kwamba wangefurahi kushika jembe hilo, wapande mikoko au wasaidie kusafisha ufukwe. Tuwape kazi hiyo katika siku ya pili, kwa mpango wa kijiji.

Tunachoomba mkubali

Kwanza, kamati hizi mbili zifanye matembezi ya majaribio manne tu, kati ya mwezi Juni na Septemba, baada ya masika, katika siku za bamvua. Wa kwanza kutembea wawe wanaparokia na majirani, kabla ya mgeni yeyote wa nje.

Pili, wafadhili wagharamie mafunzo na leseni za vijana wanane, wanne kila upande, na angalau nusu yao wawe wasichana. Wasigharamie posho za matembezi yenyewe. Kama matembezi hayawezi kujilipa, ni afadhali tujue mapema.

Tatu, kila upande uandike orodha ya njia zote za kushukia pwani, zilizo wazi na zilizozibwa, na kuipeleka serikali ya mtaa kwa barua. Hili halihitaji fedha. Linahitaji daftari, wazee wawili wenye kumbukumbu na asubuhi moja.

Nne, baada ya matembezi ya nne, hesabu zisomwe mbele ya mtaa. Mtaa wenyewe useme kama tuendelee au tuache. Wakisema tuache, tutaacha.

Ndugu zetu, ombi hili halitajaza zahanati dawa. Lakini linaweza kumpa kijana wa Kunduchi sababu ya kubaki Kunduchi, likampa mama wa Mbwamaji soko la chakula chake mlangoni, na likaacha wazi njia ambayo watoto wao wataitumia kwenda baharini bila kuomba ruhusa getini. Tunaona linastahili kujaribiwa.